Swali la Mizizi ni la Nani?

Matokeo yametoka na nimefaulu, kwa hiyo nimeshusha pumzi na ninaweza kusema. Cheti cha ualimu hakipatikani kwa mitihani ya chuoni peke yake. Lazima mkufunzi aje akuone ukifundisha watoto. Mazoezi yangu nilipangiwa Mtowisa, darasa la nne, nifundishe mimea.

Niliogopa watoto watakuwa mabubu mbele ya mgeni. Basi siku tatu mfululizo nikafundisha somo lilelile, na kila mtoto nikampa swali lake la kujibu. Maskini, wakadhani ndivyo walimu wa chuo tunavyofundisha.

Siku ya nne mkufunzi akafika kutoka Sumbawanga, vumbi hadi kwenye nyusi, akaketi dawati la nyuma. Nilianza vizuri. Kila nikiuliza, mwenye swali anajibu papo hapo. Mkufunzi anaandika huku anatabasamu, nami kichwa kikavimba, nikajiona mwalimu wa walimu. Hapo ndipo nilipojisahau.

"Masanja, majani yana kazi gani?"

Masanja akasimama, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, hilo la Nyamizi. Langu ni la mizizi."

"Ndiyo, mwalimu, langu hilo," Nyamizi akadakia. "Nimelishika tangu Jumatatu!"

Chaki ikanidondoka. Mchana uleule nilirudia kipindi mbele ya mkufunzi kwenye darasa jingine, na hicho ndicho kilichoniokoa. Lakini kabla ya hapo, kule nyuma, mkufunzi alinyoosha mkono taratibu kama mwanafunzi.

"Samahani, mwalimu. Na mimi langu ni lipi?"