Gia ya Tano ya Getruda

Nimefungua giaboksi za malori hapa Buhongwa kwa miaka ishirini na mbili, na sipendi kukosolewa. Naanza na hilo ili msidhani namsifu Getruda kwa upole wangu.

Getruda ni dereva wa semi, lori linalovuta tela. Kwao ni Misungwi, wafugaji. Alianza na trekta ya baba yake, akapata leseni, kisha akakaa miaka mitatu akiambiwa na matajiri wenye malori kwamba watampigia simu. Mzee Shimba ndiye aliyempa gari, tena kwa majaribio ya mwezi mmoja. "Ukiniharibia giaboksi, unashuka," alimwambia mbele yangu.

Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uishe alipoingia gereji kwangu kwa mwendo wa konokono, injini ikilia, tela limejaa saruji.

"Shikamoo, fundi. Gari linakataa gia ya tano."

Lori lile lina gia nane, lakini mkono wa gia una nafasi nne tu. Dereva anaanza na nne nzito, zenye nguvu lakini hazina mbio, kama unavyopanda mawe ya Mwanza na ndoo kichwani kwa hatua fupifupi. Gari likishachanganya mwendo, anainua kiswichi kilicho kwenye mkono huohuo, anarudi nafasi ya kwanza, na safari hii inakuwa gia ya tano. Hapo gari linakimbia bila injini kuhangaika. La Getruda lilikuwa linarudi kwenye gia ya kwanza ileile.

Nilitikisa mkono wa gia mara mbili nikatoa hukumu: meno yamekwisha, giaboksi ishushwe, siku tatu. Kisha, Mungu anisamehe, nikampigia Mzee Shimba na kumwambia dereva wake anakwaruza gia. Nikaongeza kwamba wanawake na malori wapi na wapi, nikacheka. Akasema anakuja na dereva mwingine.

Getruda alisikia yote. Machozi yalimlengalenga. Alimwomba Prudencia, mama ntilie jirani yangu, maji ya sabuni ya kuoshea vyombo. Akaweka mawe kwenye matairi, akaacha injini ikiunguruma mpaka mitungi ya upepo ikajaa, akazima injini, akaingia chini ya gari.

"Fundi, kiswichi hakihamishi gia chenyewe," alisema kutoka huko chini. "Upepo ndio unaosukuma."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, baba. Naomba uangalie hapa."

Nilipiga magoti kwa hasira. Alikuwa amepaka povu kwenye kipaipu chembamba kinachopeleka upepo kwenye giaboksi, na pale kwenye kiungo povu lilikuwa linavimba na kupasuka, linavimba na kupasuka. Upepo ulikuwa unaishia njiani. Tukautoa wote, akakata ncha iliyochoka, akachomeka upya, akakaza. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika tochi.

Alipoondoka nilisimama barabarani nikihesabu gia kwa sikio. Moja, mbili, tatu, nne. Pakawa kimya kidogo, halafu injini ikashusha sauti na kutulia kwenye ya tano. Nilifurahi mpaka nikajikuta napiga makofi peke yangu, na Prudencia akanicheka wazi.

Haikuchukua muda Mzee Shimba akafika na dereva mpya, Jonathan, begi mkononi.

"Gari langu liko wapi?"

Ningeweza kusema nimelitengeneza mimi. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, naona aibu hata kukiri.

"Linakaribia Usagara, gia ya nane," nilisema. "Giaboksi ni nzima. Kilikuwa kipaipu cha upepo, na aliyekiona ni Getruda. Mimi nilikupigia simu kabla hata sijaingia chini ya gari."

Mzee akamgeukia Jonathan.

"Samahani kwa usumbufu, ndugu yangu," alisema. "Dereva ninaye."