Redio ya Mke Mkubwa

Redio ilikuwa yangu. Nalisema mapema, maana pale Sori wapo watakaokuapia kwamba ilikuwa ya mke mwenzangu. Mume wetu, aliyefanya kazi Homa Bay, aliileta kwa ajili yangu. Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza bila cheti, na kila muhula naambiwa, "Tutaona kama utaendelea." Wakati huo yalikuwa yameanza masomo ya watu wazima: vitabu vinakuja kwa posta, na jioni mwalimu anafundisha redioni. Nikifaulu mtihani, nitapelekwa chuo cha ualimu.

Kwetu mke mdogo hapandi mbegu kabla mkubwa hajapanda. Hilo nilijua. Lakini masomo jamani?

"Hata masomo," mke mkubwa akasema, redio ameikumbatia. "Hakuna kitu kinaanza boma hii bila kuanzia kwangu. Unataka kutuletea chira, nyieka?"

Nyieka ndiyo mke mwenza, na chira ni ile laana ya kuvunja mwiko, na mume wetu aliiogopa kuliko mamba wa ziwani. Akamwandikisha yeye kwanza, mimi baadaye.

Basi kila jioni nikawa naketi mlangoni kwake, moshi wa jiko lake machoni, nikisikiliza redio yangu. Mwalimu akisalimu, "Hamjambo wanafunzi?" mwenzangu anajibu kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, "Hatujambo, Mwalimu!" Wivu ulinila. Darasa la nne la misheni ndiyo elimu yake yote, na kiti cha mbele kakalia yeye!

Tukaenda Homa Bay kufanya mtihani. Mimi nikafaulu, yeye akaanguka. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

"Subiri kwanza," mume wetu akasema. "Huwezi kumtangulia."

"Nimsubiri mpaka lini?"

"Mpaka afaulu."

Nililia. Nikakataa kumpikia. Wapi! Hakubadilika. Nikaona nikikaa tu nitazeekea mlangoni pale, nikachukua chaki, nikaanza kumfundisha mwenzangu mimi mwenyewe kwenye mlango wa jikoni kwake, hesabu na Kiingereza, meno nimeyauma.

"Polepole, nyieka," ananiambia. "Unanifokea kama ng'ombe ameingia kwa mahindi."

"Rudia!"

Akarudia. Wallahi yule mama hakuchoka, na hilo nalo liliniudhi. Mtihani uliofuata akafaulu vizuri, tena hesabu akanipita.

Akaenda chuoni, mimi nikamfuata. Tuliporudi tukapangiwa shule moja, ile ile niliyoanzia kazi mimi. Watoto wale niliwafundisha herufi mwenyewe kabla yeye hajakanyaga pale. Asubuhi ya kwanza wakasimama mstarini, wakamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu!" Kisha wakanigeukia, kwa heshima kabisa, kama walivyoelekezwa nyumbani:

"Shikamoo, Mwalimu Mdogo."