Tangi Lililosuguliwa kama Sufuria

Patroni wetu alijiita mhandisi tangu siku aliponunua kofia nyeupe ya plastiki. Karakana ilikuwa yake, hapa Likasi, kwenye barabara ya kwenda Kambove, na sisi wachomeleaji tulikuwa wake pia, kwa maoni yake. Bila sumaku mfukoni hakuweza kutofautisha inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, na bati la paa. Nilimdharau, na sikujisumbua kuficha.

Mwaka ule tulipata kazi ya maana: tangi la shinikizo la kiwanda cha kobalti, la kubeba asidi ya moto miaka na miaka. Nililichomelea mimi, mshono kwa mshono, na kando ya kila mshono nikagonga muhuri wangu wa chuma, namba 14. Ndiyo desturi, ili siku likivuja ajulikane wa kutukanwa ni nani. Mhandisi wa kiwanda, wa kweli huyo, alikuja mara mbili kunitazama nikifanya kazi. Mara ya pili akaniambia kwamba tangi likipita ukaguzi, niende kiwandani na vifaa vyangu, kuna nafasi ya kudumu. Nilikuwa kibarua wa kutwa kwa miaka tisa. Nilimwambia mama peke yake.

Tangi lilipokwisha nililipaka dawa ya kulisafisha, nikalisuuza, likabaki na rangi ya kijivu iliyofifia. Ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kizuri chajiuza. Lakini patroni alikuwa ameshaalika wageni, mpiga picha, na mchungaji wa kuliombea, akaona aibu.

"Hata sufuria za bibi yangu zinang'aa kupita hii," alisema.

Nikamweleza kwamba inoksi haiguswi na chuma cha kawaida, na ndiyo maana brashi zake na glavu zake tunaziweka kando. Chembe za chuma zikibaki juu yake, mvua ya kwanza tu zinashika kutu, na kutu hiyo inaanza kula. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Kesho yake asubuhi waliingia wanawake wa kanisa lake, ndoo kichwani, na mikononi nyuzi za chuma, zile zile za kusugulia masufuria. Nilijua watakachofanya. Ningeweza kusimama mlangoni. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na nilitaka, nasema wazi, nilitaka sana patroni aumbuke. Nikavuka barabara kunywa chai na mkate, nikakaa huko bila haraka, nikiwasikia wakiimba na kusugua. Niliwaona wajinga wote, na mimi peke yangu mwenye akili.

Niliporudi, tangi lilikuwa linaumiza macho kwa kung'aa. Upande wa chini, amepiga magoti juu ya kipande cha boksi, alikuwa mama yangu. Mkatoliki wa misa ya alfajiri, katikati ya wale. Walikuwa wamepita mtaani kutafuta mikono ya ziada, naye aliposikia ni tangi la mwanawe hakungoja kuombwa mara mbili.

"Nimeona numero yako," akaniambia, jasho linamtiririka. "Hapa njo nimesugula sana, batu bote bayue kama ni weye."

Nilimfuata patroni, nikamwomba anunue dawa nyingine tulisafishe upya kabla ya mvua. Akasema tangi linang'aa, dawa ya nini. Mchungaji akaomba, mgeni mmoja akajitengeneza nywele akijitazama kwenye tangi, wakapiga picha, wakala kuku, wakaenda zao. Kisha mvua ikanyesha siku tatu.

Mhandisi alipokuja tulilijaza tangi maji, tukalibana kwa pampu mpaka mshale wa kipimo ukafika kwenye alama yake, ukatulia. Hakuna tone lililotoka kwenye mishono yangu. Lakini yeye hakutazama mshale. Alitazama madoa mekundu ya kutu yaliyotapakaa mwili mzima, mazito zaidi kuzunguka namba 14, kila mahali ilipogongwa. Akauliza ni nani aliyelisugua tangi hili kwa chuma.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na patroni alikuwa na jua lake tayari.

"Mama ya huyu..." akaanza.

"Ni miye," nikasema.

Mhandisi alinitazama kwa dharau niliyozoea kuwatazama nayo wengine. Akaagiza tangi lisafishwe upya, na akasema mwenye namba 14 asikanyage kiwandani kwake. Dawa ikanunuliwa siku ile ile. Nililisafisha mimi, namba kwa namba, na patroni akasimama nyuma yangu na kofia yake.

Jioni nilimkuta mama anasonga bukari, ugali wetu.

"Balionaka numero yako?" akaniuliza.

"Balionaka, mama."

Akacheka peke yake, akanikatia kipande kikubwa.