Fungu Langu la Dang'a

Binti yangu anafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Kiwengwa, na huko ndiko alikotoka na hiki chakula cha mababu. Wageni wanakila, wanapungua. Mimi nna sukari, na magoti yalikuwa yananiuma hata kupanda ngazi za nyumba yetu hapa Mji Mkongwe ni taabu. Akaniambia, "Mama, mkate basi, wali basi, sukari basi, na maziwa basi. Kula walivyokula mababu." Nikakubali. Nisiseme uongo, kilinifaa. Magoti yalitulia.

Ila lile la maziwa lilinikera. Mababu gani hao wasiojua maziwa? Mama yangu kule Makunduchi kafuga tangu sijazaliwa. Binti akasema anaowasema yeye ni wa kale zaidi, kabla watu hawajaanza kufuga. Lo! Nikamwuliza wamezikwa wapi, twende tukawasomee hitima. Akanuna.

Basi mtamba wa mama akazaa. Kwetu, ng'ombe akizaa mara ya kwanza, yale maziwa yake mazito ya mwanzo, dang'a, hupikwa mpaka yakashikana, na kila mtoto wa nyumba akawekewa fungu lake. Kabla watoto hawajala, jirani hapewi hata tone. Ndugu zangu wote washatangulia mbele ya haki, nimebaki mimi. Mama akapiga simu: "Njoo. Majirani wananingoja mimi, na mimi nakungoja wewe."

"Usende, mama," binti akasema. Alipoona navaa buibui, akanifuata na kile kimashine chake cha kupimia sukari mkobani.

Tulimkuta mama kaketi barazani, bakuli mapajani, kalifunika kwa kawa. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nikamwamkia, akaitikia, akaninyooshea bakuli.

"Bibi, mama kakatazwa maziwa," binti akadakia.

"Kakatazwa na nani?"

"Mababu hawakuwa wakinywa, bibi."

Mama aligeuza uso upande wangu, akauliza polepole, "Hutaki?"

Hapo nikapandwa na hasira, wallahi. "Wewe mtoto! Hao watu wako wa mapangoni hawajanipikia hata uji. Bibi yako huyu hapa, yu hai, kanipikia, nami nimrudishie bakuli lake kwa ajili ya watu hata kaburi lao hulijui? Mkate nimeacha. Wali wa sikukuu nimeacha. Hiki siachi!"

"Na ukikatwa mguu kama baba?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kweli, marehemu mume wangu alikatwa mguu kwa sukari hii hii, na binti ndiye aliyemuuguza. Iliniuma kumwona vile.

"Mguu ni wangu," nikamwambia. "Na mama ni wangu."

Nikamwomba mama asinitilie sukari juu. Akasema haya. Nikala mpaka nikalikwangua bakuli. Jioni binti aliponipima, ilikuwa imepanda kidogo, akaniwekea kimashine mbele ya uso. Nikamwambia nimeona. Tangu siku ile shauri nimelikata mwenyewe: maziwa ya pakiti ya dukani sigusi, ya mama nakunywa, kidogo, na siku nikinywa navipunguza vingine. Anayetaka kuniita mkaidi na aniite, sina habari naye.

Lakini hayo ni ya jioni. Pale barazani mama alilipokea bakuli, akalipapasa ndani kwa vidole mpaka akahakikisha ni tupu. Kisha akapaza sauti kuwaita wa nyumba ya pili.

"Haya, njooni mchukue yenu! Wanangu wote washakula."