Bei ya Boksibodi

Gari lenyewe nililikuta bandani kwa mama mmoja wa Kizungu huko Milimani, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Lilikuwa la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na injini yake ilikuwa imekufa kabisa. Nilimtengenezea mabati na mabomba ya nyumba yake miezi minne, naye akanilipa kwa gari hilo, akicheka kwamba nimepunjika. Mimi ni fundi. Nilijua aliyepunjika ni nani.

Nilikata mwili wake nyuma ya kiti cha dereva, nikajenga boksibodi ya mbao, lile sanduku la mizigo ambalo masetla, walowezi wa Kizungu, wa kwanza walilipenda. Injini niliitoa kwenye lori la jeshi lililouzwa kwa mnada Gilgil, springi nikazitoa kwenye lori jingine. Likawa na uso wa bwana harusi na miguu ya punda. Na kwa kuwa wezi wa Naivasha walikuwa wameniibia jeki mara mbili, niliweka sakafu mbili kule nyuma. Ukiinua ubao mmoja unakuta kisanduku kirefu, ndani yake jeki, spana na pampu. Watu walikisifu kisanduku kuliko injini, nami nilikuwa nakifungua hata bila kuombwa. Majivuno ya kijana.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, na kabila langu ndilo lililosakwa. Kupatikana na risasi moja mfukoni kulitosha kukufikisha kwenye kitanzi. Sasa mtu mwenye sanduku la siri, lenye urefu wa bunduki, angejitetea na nini? Majoni, ndio wale askari vijana wa Kiingereza, walisimamisha magari barabarani na kuyagonga kwa vitako vya bunduki. Nilijaribu kukiziba kile kisanduku. Nilipigilia ubao misumari, nikaona misumari mipya inang'aa na kuita macho. Nikaing'oa, yakabaki mashimo. Niliogopa kubomoa sakafu yote mchana, majirani wakiona, na usiku hatukuruhusiwa kutoka nje.

Mke wangu ndiye aliyesema tuuze. Alikuwa mtu wa wokovu, mwanamke asiyesema uongo hata wa kumnyamazisha mtoto. Jumapili moja baada ya ibada tulikaa kitandani, maana viti tulikuwa navyo viwili na vyote vina nguo, tukaanza kutafuta bei.

"Ukiitisha nyingi hawatanunua," alisema. "Ukiitisha kidogo watauliza unakimbia nini."

Nikamweleza hesabu ya ufundi. Gari la umri ule, ambalo halijaguswa, lilikuwa likiuzwa shilingi elfu moja kwa Wahindi. Injini yangu ilikuwa bora mara mbili, lakini mnunuzi halipi hata nusu ya jasho uliloweka kwenye gari ulilolibadilisha, kwa sababu nusu nyingine unaiona wewe peke yako. Tena mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba, na likiharibika hakuna duka lenye kipuri chake. Fundi anayelijua ni mmoja, na watu wa kabila lake walikuwa wakipakiwa kwenye malori kila wiki kurudishwa rizavu, kwenye ardhi kabila lilikotengewa. Nikapanda, nikashuka, nikafika elfu moja na mia nane. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya haki. Ningeitisha elfu mbili na mia mbili ili mnunuzi apate mahali pa kunitukania, kama tunavyofanya na mbuzi.

"Na kisanduku?" akauliza.

"Kisanduku hakina bei."

"Kinayo," akasema, akainuka kwenda kupika.

Mnunuzi aliyekuja alikuwa sajenti wa polisi, mtu mzima kutoka upande wa magharibi, aliyetaka gari la kubebea mahindi akistaafu. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Nilichoona siku ile ni yunifomu ikiingia uani, na bastola.

"Gari hii iko bei gani, fundi?"

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile elfu mbili na mia mbili siku tatu nzima. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Mia nane, afande."

Hata kuku wangecheka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nilikuwa nimeshalitembeza gari langu mpaka mbele ya serikali. Sajenti hakufurahi. Alinitazama kama daktari anayetazama jipu.

"Mia nane? Gari nakwenda mzuri hivi? Iko na makosa gani?"

"Hakuna, afande."

"Basi makosa iko na wewe."

Akaanza kulikagua. Kama ningeitisha elfu mbili angepiga teke tairi, akanitukana, tukapatana. Bei yangu ndiyo iliyomfanya alale chini ya gari na shati lake lililopigwa pasi. Akapanda nyuma, akatembea juu ya mbao polepole, kisigino, kisigino, mpaka sauti ikabadilika.

Aliinua ubao. Akatoa jeki, akatoa spana moja moja, akazipanga. Kisha akajinyoosha kwa mkono wake wote mle ndani, kupima urefu.

"Nani anajua hii?"

"Kila mtu, afande," nikasema, na ilikuwa kweli, na ikasikika kama uongo mkubwa.

Akapangusa vumbi mikononi. "Bei ya haki ni ngapi? Sema kama mtu."

"Elfu moja na mia nane."

"Haya. Mimi nakupa mia tatu. Na hiyo ni kwa sababu ya watoto wako." Akarudisha ubao taratibu. "Lakini karatasi utaandika elfu moja na mia nane. Sitaki mtu aulize mbona askari amepata gari kwa bei ya baiskeli."

Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri shuleni, siku ile ulitambaa. Kisha nikasema asante sana afande, mara mbili. Ile ya pili bado inaniuma.

Baada ya wiki tano tuliitwa kuchujwa, mimi na mke wangu, yaani kuhojiwa ijulikane nani anawasaidia wapiganaji wa msituni. Chumba chetu kilikuwa kimeshapekuliwa na zilikuwa zimepatikana shilingi arobaini. Mbele ya afisa wa Kizungu palikuwa na ile karatasi ya mauzo, iliyofuatana na kitabu cha usajili wa gari. Mlangoni alisimama sajenti, akitazama ukuta.

"Wewe napata elfu moja na mia nane," alisema afisa. "Pesa nakwenda wapi? Msituni?"

Nikisema nilipewa mia tatu, nimemwita sajenti mwizi, naye angetaja kisanduku. Nikinyamaza, pesa zimekwenda msituni. Jasho liliniingia machoni na sikuthubutu kulipangusa.

"Nilizinywa, bwana."

Sikuwa nimewahi kuonja pombe maishani. Afisa akaagiza mke wangu aletwe kutoka nje, kwenye seng'enge, ambako hakusikia lolote.

"Bwana yako nakunywa pombe?"

Akanitazama. Sikuweza kukonyeza jicho. Nilimjua: angesema kweli, kama alivyosema kweli siku zote, na mimi ningepanda lori la kizuizini jioni ileile. Niliona midomo yake ikitafuta.

"Anakunywa," alisema. Kisha, bila kuulizwa, "Na akinywa ananipiga."

Wote wakacheka. Afisa akanigongea mhuri kwenye pasi yangu ya ruhusa ya kutembea.

Tulirudi nyumbani. Nilitaka kumshukuru, lakini neno asante nilikuwa nimeshaliharibu.

Ndugu zetu wa wokovu walikuwa na desturi: aliyetenda dhambi husimama mbele ya wote, huitaja kwa jina lake, nao humwimbia wimbo wa kumpokea. Jumapili iliyofuata mke wangu alisimama. Nyuma yangu walikuwa wameketi watu wawili ambao kila mtu alijua wanapeleka maneno polisi. "Ndugu," alianza, "wiki hii nimetenda dhambi ya ulimi." Nikakamata benchi. Nilimwomba Mungu, nakiri, amfunge kinywa mwanamke huyu anayempenda Yeye.

Aligeuka akaniona nilivyolishikilia benchi, na wale wawili nyuma yangu. Watu walingoja. Akaketi bila kumaliza, na wimbo haukuimbwa. Hakusimama tena, Jumapili hiyo wala nyingine yoyote.