Mtama Uliotiwa Mapema

Hadi leo nikifumba macho naisikia jenereta ya ofisi ya kanisa pale Nkwenda. Ilikohoa, ikavuta pumzi, ikanyamaza. Ukimya ule, mwanangu, ndio ninaotaka kukusimulia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa binti wa darasa la saba niliyefundishwa kupiga chapa, nikiota kutwa kwamba kompyuta yetu moja itanifikisha mbali. Haikuwa kama hizi zenu zinazokuja na programu tayari. Kila programu tuliijenga wenyewe ndani ya mashine, kutoka kwenye maandishi ya mtungaji wake. Kabla ya kujenga unachagua: hiki kiingie, kile kibaki nje. Ukishajenga, umejenga.

Deo, kijana aliyetufungia mashine, aliijenga programu ya barua akaichanganya na njia ya kuzituma kwa simu humohumo. Njia ya kuzituma kwa redio akaiacha. Mzee Bitegeko, mtunza ofisi, akamuuliza:

“Kwa nini usijenge barua peke yake, simu ikawa kifurushi chake na redio kifurushi chake?”

“Mzee, vifurushi vingi ni vurugu. Hii ni moja, nyepesi.”

“Basi umetia mtama kwenye mtumbwi mzima wa kukamulia juisi ya ndizi. Yote imechacha, imekuwa pombe ya rubisi. Akija mlokole je?”

“Atakunywa maji!”

Tulicheka, na mimi nikiwemo. Mzee hakucheka.

Deo akarudi Bukoba. Masika yakaja, nguzo za simu zikalala chini. Ndipo akaingia Mama Veneranda, mama wa Kinyarwanda aliyekuwa kibarua kwenye kahawa za watu. Alikuwa amesikia kwamba binti yake Yusta yuko kwenye kambi ya wakimbizi Ngara, na kesho asubuhi malori yanawavusha mpaka kuwarudisha Rwanda.

“Mwandikie asipande,” aliniambia. “Anadhani nilikufa. Mwambie mama yako yuko hai, yuko Nkwenda.”

Redio, ya kupitisha maandishi tu, isiyo na kipaza sauti, ilikuwa pale mezani, nzima, na kambini walikuwa na ya namna hiyo. Lakini kuiunganisha kulitaka programu yote ijengwe upya. Njia ya redio ingekuwa kifurushi cha pembeni, ningekiongeza kabla chai haijachemka. Nikaanza. Maandishi yakapanda kwenye kioo polepole, saa baada ya saa. Mama alikaa kwenye benchi, kanga mdomoni.

“Bado, mwanangu?”

“Bado kidogo, mama.”

Alasiri dizeli ikaisha, jenereta ikanyamaza. Programu iliyojengwa nusu si kitu. Mama Veneranda alinyanyuka, akanishukuru, akaondoka. Ile shukrani yake bado inaniuma.

Sikiliza basi. Kile ambacho bila hicho kazi haiwezi kuwepo, kichanganye tangu mwanzo, wala usiogope. Lakini kile ambacho mwingine atakihitaji kwa namna yake, kiweke kando, kiongezwe bila kubomoa. Usimchagulie mtu ambaye hajafika bado. Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu, na maneno yako yawafikie unaowapenda wangali wapo.

Dizeli ilipopatikana, malori yalikuwa yameshakwenda. Nilijifungia ofisini, nikajenga barua peke yake na redio kifurushi chake. Kisha nikaandika: “Yusta, mama yako yuko hai, yuko Nkwenda.” Nikaituma kambini, ambako Yusta hakuwepo tena.