Mtunza Funguo wa Ngome

Walimwita Ngazi, maana kwa miaka ishirini na sita alipanda zile ngazi mia tatu na kumi za ngome ya mwambani, akiwatangulia wageni. Kazi aliirithi kwa baba yake, na hadithi pia: ngome haikushindwa vitani, ila mwanamke mmoja, mtunza funguo, aliwafungulia adui lango kwa sababu ya mapenzi. Wageni walipenda hapo. Wapo waliosema, "Wanawake bwana," na Ngazi akacheka nao, riziki yake ikipatikana.

Asichowaambia ni kwamba mwanamke huyo alikuwa wa ukoo wa mama yake. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliposwa mara mbili, na mara mbili posa ikavunjwa. "Hatuoi nyumba ya wasaliti," walisema wakwe. Hakuposwa tena.

Kisha wakaja wachimbaji wa mambo ya kale. Walichimba wiki saba, kisimani na langoni. Siku ya mwisho mkuu wao, mama mmoja mpole, alimwonyesha Ngazi komeo la chuma lililofukiwa, lingali limepita kwenye pete zake.

"Lango halikufunguliwa," alisema. "Kisima kilikauka. Waliokuwa ndani walikufa kwa kiu, adui akapanda ukuta usio na mlinzi."

"Na mtunza funguo?"

"Nyuma ya lango tumekuta mifupa ya mtu mmoja. Ni ya mwanamke. Zaidi ya hapo siwezi kuapa."

Ngazi alishuka. Alimkuta dada yake akipinda suruali ya mteja, akamweleza yote. Mguu wa dada ukasimama kwenye kanyagio la cherehani.

"Mama alikufa hajui?"

"Hakujua, dada."

"Na wewe umeisimulia mara ngapi?"

Dada akageuza suruali upande wa pili.

"Haya. Sasa nikamwambie nani? Waliovunja posa wote tumeshawazika."

Akaendelea kushona.

Kuanzia hapo Ngazi alisimulia habari ya kiu. Wageni walisikiliza nusu nusu, wakauliza yuko wapi yule msaliti. Kufikia mwisho wa mwaka wengi walimfuata kiongozi mwingine, aliyeisimulia ile ya zamani kwa mbwembwe.

Siku moja dada yake alitaka kupanda. Walipumzika mara nyingi njiani, Ngazi amemshika mkono. Langoni shimo lilikuwa limeshafukiwa. Dada alitazama ule udongo mpya.

"Yule mwanamke alilinda hapa mpaka kufa, na hata pa kukaa hakuwa napo," alisema, kisha akaomba warudi.